Sadaka ya Ndege Isiwe Takataka

Kitale na Bungoma ni nchi ya mahindi, na penye mahindi ndege hawakosi. Ndugu zetu walioko huko waweza kuwawekea chakula uani bila gharama: mkebe wa maziwa, kibuyu kilichopasuka au dumu lililotoboka. Ukishakikata, kunja kingo zenye makali, toboa matundu chini maji ya mvua yatoke, kisha kitundike paka asipofika.

Chombo kuwa kikuukuu si neno. Lakini chakula je? Wako wanaoona kwamba mahindi yaliyoota ukungu, kwa kuwa hayaliki nyumbani, ndiyo ya ndege. Sisi hatukubaliani nao. Ukungu huo huweza kuzaa aflatoksini, sumu iliyoua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004. Ndege nao huwaua.

Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kuwa Mwislamu akipanda mmea, anachokula ndege humo huandikiwa sadaka. Na sadaka haitolewi kwa kibovu, ambacho mwenyewe ungekikataa.

Basi na wapewe chenga safi za mahindi, chombo kioshwe mara kwa mara, na wazazi wawakanye watoto wao manati. Kumwita ndege uani kisha kumpiga jiwe ni khiyana.