Nyumba Zisizokwisha

Hapa Mgololo karani hujinyima miezi mingi, akanunua matofali na mbao, kisha humkabidhi fundi fedha yote kabla msingi haujakauka. Mvua za Novemba huukuta ukuta u wazi, naye fundi yuko kwa mtu mwingine.

Lakini hatumlaumu fundi peke yake. Wako wenye nyumba wamzuiliao ujira wake, naye hushika ufunguo akisema nyumba ni rehani yake mpaka alipwe. Hilo twalikataa: rehani huwekwa na mwenye mali kwa hiari yake. Sheria ya Mikataba ya 1961 yampa kila mmoja haki ya kudai fidia mapatano yakivunjwa, na mahali pa kudai ni mahakamani. Hata mapatano ya mdomo ni mapatano, ila kuyathibitisha ni taabu tupu.

Sisi tuandikao barua za watu kutwa, twashindwaje kuandika karatasi moja ya nyumba zetu? Yafaa fedha ifuate kazi: msingi, ukuta, lenta, paa, na fungu la mwisho lisitoke mpaka milango ifunge. Mashahidi watie sahihi, na nakala ya pili apewe fundi.