Kupima Maji Si Kumjaribu Mungu

Wako ndugu wasemao ya kuwa kupima mvua na maji ya ziwa ni kumpeleleza Mungu. Sivyo. Bwana wetu alifundisha ya kuwa atakaye kujenga mnara hukaa kwanza akahesabu gharama.

Maji ya Ziwa Viktoria yalianza kupimwa mwaka 1896. Tangu 1961 hata 1964 yalipanda zaidi ya mita 2. Mwaka 2020 yakapanda tena, yakawafukuza watu waliojenga ufuoni. Habari zilikuwa zimeandikwa. Ni wangapi waliouliza kabla ya kuchimba msingi?

Tena wako waibao vyombo vya kupimia mvua. Ndugu, aibaye chombo hicho awanyima wanawe onyo. Basi tuvilinde, tena tuulize habari zake kabla ya kujenga.