Jiji litimize wajibu wake kwa mtoto mwenye usonji

Kutoka Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, hadi Hospitali ya Taifa Muhimbili ni mwendo wa miguu. Hata hivyo, mzazi wa Kariakoo ambaye mwanawe haitiki akiitwa wala haonyeshi kitu kwa kidole anaweza kuzunguka miaka kabla ya kuelezwa kuwa mtoto ana usonji. Zahanati humwambia asubiri, eti watoto wa kiume huchelewa kusema. Ndugu humwambia mtoto ana jini. Huku nyuma inapita miaka ambayo mtoto hujifunza upesi kuliko wakati mwingine wowote. Kosa hilo lina wenyewe, na mama si mmoja wao.

Sheria imeshasema. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto mwenye ulemavu haki ya uangalizi maalumu, matibabu, utengamao na nafasi sawa ya elimu, na inazikabidhi mamlaka za serikali za mitaa ulinzi wa ustawi wa watoto wa maeneo yao. Mwaka uliofuata ikaja Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Basi Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, inayosimamia Ilala na Kariakoo yake tangu 2021, ikimhudumia mtoto huyu haimfanyii hisani. Inalipa deni.

Wanaodaiwa wajue wanadaiwa nini. Hakuna dawa inayoondoa usonji. Dawa hutibu yanayoambatana nao, kama kifafa. Kinachomjenga mtoto ni mafunzo: mtaalamu wa lugha na mawasiliano amfundishe kuomba anachotaka kwa maneno, ishara au picha, mtaalamu wa tiba kwa vitendo amzoeze kuvaa, kula na kuhimili kelele, mwalimu wa elimu maalumu ampokee darasani, mzazi naye afundishwe kuyaendeleza hayo nyumbani. Tiba inayofaa huanza kwa kumpima mtoto huyo mwenyewe, masikio yake yakiwemo, huweka malengo ambayo mzazi anayaona, na hurudiwa wiki baada ya wiki.

Hapo kwenye kurudiwa ndipo maskini anapoachwa. Mama anayeuza mchicha hawezi kufunga genge kila wiki apange foleni ya rufaa, wala hana fedha za kliniki binafsi. Huduma ya namna hii haina budi kumfuata mtoto mtaani kwake.

Na inawezekana. Shule ya Msingi Msimbazi Mseto ina kitengo cha wanafunzi wenye usonji, na Uhuru Mchanganyiko imepokea watoto wenye ulemavu kwa miaka mingi. Chuo cha Patandi, Arusha, kinafundisha walimu wa elimu maalumu. Hospitali ya KCMC, Moshi, inafundisha wataalamu wa tiba kwa vitendo. Lakini Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 alikuwa na usonji. Kwa hesabu hiyo, kitengo kimoja hapa na kingine kule havitoshi kwa jiji hili.

Kwa hiyo tunaitaka halmashauri, katika bajeti ijayo, itenge nafasi za wataalamu hao katika hospitali na vituo vyake, na iwapangie siku maalumu za kwenda kwenye shule zenye vitengo. Kliniki za mama na mtoto zimchunguze kila mtoto maendeleo ya mawasiliano yake kama zinavyompima uzito, na muuguzi asimrudishe nyumbani bila rufaa mtoto wa miaka miwili asiyesema. Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa kuwa sheria mwaka 2023, igharimie tiba hizi hadi mtoto afikie malengo yake.

Wengine nao wasijifiche nyuma ya serikali. Baba anayehama nyumba kwa sababu ya mtoto huyu anavunja wajibu wa sheria na wa damu. Anayemuuzia mzazi mitishamba au maombi kwa ahadi ya kuuponya usonji anamwibia fedha na muda. Mwenyekiti wa mtaa anayejua chumba alimofungiwa mtoto, akanyamaza, ameshiriki kumfungia. Aende leo kwa ofisa ustawi wa jamii, na ofisa huyo afike kabla wiki haijaisha.