Mpango wa Jiji la Arua Uanzie kwa Mafundi

Mimi ni seremala wa Awindiri, hapa Arua, na nina neno kwa wanaopanga uchumi wa jiji letu. Arua ilipandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 1 Julai 2020, na tangu hapo ninachosikia zaidi ni majengo na barabara. Barabara nazitaka. Lami ya kutoka Vurra hadi Oraba, kupitia Koboko, inatufungulia Kongo huku na Sudan Kusini kule. Lakini malori yakipita na bidhaa za Kampala tu, sisi tunabaki kuyatazama.

Kwa miaka mingi eneo letu la West Nile lilikuwa nje ya gridi ya umeme ya taifa. Tulitegemea jenereta na mtambo mdogo wa umeme wa maji wa Nyagak, megawati 3.5. Nimewaona vijana wamekaa juu ya mbao za mvule asubuhi nzima, mashine ya randa kimya, na mteja kutoka Ariwara, upande wa Kongo, akirudisha pesa mfukoni. Kitanda alikinunua kwingine.

Sasa gridi imefika. Basi jiji litutengee uwanja wenye umeme wa kuendesha mashine kubwa, mitaro na banda la kukaushia mbao, kodi ilipwe kila mwezi. Makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp na Imvepi yanahitaji milango na madawati. Kwa nini yatoke mbali? Na kabla bajeti haijapitishwa, madiwani waje Awindiri watusomee bajeti hiyo, jioni, tukishafunga kazi.