Kuomba Nafasi si Kuomba Sadaka



Ndugu wasomaji, wazazi wenzetu na vijana wetu wanafunzi, leo tunagusa jambo ambalo katika nyumba zetu nyingi hunyamaziwa. Hapa Kigali shughuli za watu wote hazikosekani. Jumamosi ya mwisho wa mwezi tuna Umuganda, na baada ya kazi wakazi hukaa kikao. Jumapili mbili za mwezi barabara kubwa hufungwa magari, watu wakakimbia, wakatembea na kupimwa presha bila malipo. Kuna mikutano ya sekta, maonyesho na mechi. Swala ya Idi nayo huswaliwa katika uwanja wa Nyamirambo.

Tujiulize: katika hayo yote, yuko wapi yule kijana wetu asiyesikia? Yuko wapi mama yetu anayetumia kiti cha magurudumu? Mara nyingi jibu ni kwamba tumemwacha nyumbani na redio.

Kwa maoni yetu sababu ni mbili. Ya kwanza ni waandaaji, ambao hupanga shughuli kana kwamba watu wote wanaona, wanasikia na wanapanda ngazi. Ya pili ni sisi familia. Hatuombi. Tunaona haya, au tunasema, "Tutawasumbua wakubwa bure." Basi muandaaji akitazama uwanjani na asimwone hata mmoja, huamini kwamba hakuna anayehitaji. Mwaka unaofuata hupanga vile vile.

Wapo, tena si wachache. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu nchini Rwanda karibu watu 392,000 wenye ulemavu, wa umri wa miaka 5 na kuendelea. Hiyo ni asilimia 3.4 ya watu wa umri huo. Kwa hesabu hiyo, katika kikao cha wakazi 300 tungetarajia kuwaona kama kumi. Tukiona wawili, wengine wamebaki nyuma ya milango yetu.

Na haki ipo. Mwaka 2007 Rwanda ilitunga sheria ya kuwalinda watu wenye ulemavu, na mwaka 2008 ikaridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu. Katiba inakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu wa mwili au wa akili. Katika Bunge la Wawakilishi mna kiti kimoja cha mwakilishi wao. Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, lililowekwa kwa sheria mwaka 2011, lina kamati zake hadi ngazi ya seli.

Mkataba huo unatofautisha mambo mawili ambayo inafaa kila mzazi ayajue. Kuna yale ambayo muandaaji anatakiwa kuyatengeneza mapema bila kuombwa, kama njia isiyo na ngazi na choo ambacho kiti cha magurudumu kinaingia. Halafu kuna marekebisho ya mtu mmoja mmoja kwa haja yake, na haya hupatikana kwa kuyaomba. Mkataba unasema yasiwe mzigo uliopita kiasi, na kwamba kuyanyima bila sababu hiyo ni ubaguzi. Kwa hiyo muandaaji anaweza kusema, "Hili siliwezi, tutafute njia nyingine." Kukaa kimya tu, hapana.

Sisi Waislamu hatuna udhuru wa kuona haya. Tunaisoma Sura ya Abasa na kuwafundisha watoto madrasa. Abdullah bin Ummi Maktum, asiyeona, alikuja mwenyewe mbele ya Mtume (S.A.W.) akitaka kufundishwa, wakati Mtume akizungumza na wakubwa wa Kikureshi. Wahyi ulioshuka haukumlaumu aliyeomba kwa kuja wakati usiofaa. Baadaye sahaba huyo akawa muadhini pamoja na Bilal, na Mtume alipokuwa safarini aliwahi kumwachia Madina. Huyo ndiye tunayemsoma, kisha wa kwetu tunamficha chumba cha nyuma!

Basi tuombe, lakini tuombe vizuri. Kwanza, aulizwe mwenyewe anachohitaji, hata akiwa mtoto. Tusimwamulie. Pili, tuombe mapema. Mkalimani wa lugha ya alama hapatikani asubuhi ya mkutano, na shughuli ikiwa ndefu huhitajika wawili wanaopokezana, kwani mikono na akili huchoka. Tatu, tutaje kitu chenyewe. Ukisema "mtufikirie walemavu" utajibiwa "tumesikia" na yataishia hapo. Sema hivi: "Binti yetu ni kiziwi, anatumia lugha ya alama ya Rwanda. Tunaomba mkalimani, na nafasi ya mbele ambapo atamwona." Au: "Baba yetu haoni vizuri. Tunaomba ajenda siku mbili kabla, kwa herufi kubwa au kwenye simu." Au: "Mtoto wetu ana usonji, makelele humtaabisha. Tunaomba nafasi mbali na spika." Au: "Mlangoni pana kidato cha sentimita 15. Tunaomba ubao wa mteremko." Mteremko unaofaa huwa na urefu mara kumi na mbili ya kimo, kwa hiyo hapo panatosha ubao imara wa sentimita 180. Fundi seremala wa Biryogo anaumaliza mapema.

Nne, tuandike, na nakala tubaki nayo. Kiswahili ni lugha rasmi ya nchi hii tangu mwaka 2017, lakini ukiweza andika kwa Kinyarwanda, barua isikae mezani ikingoja wa kuifasiri. Peleka ofisi ya sekta, na kamati ya watu wenye ulemavu ipate habari. Wanafunzi, hapa ndipo kazi yenu. Wazee wengi wanajua wanachotaka ila kalamu ni nzito. Waandikieni.

Kwa viongozi wa Jiji tuna ombi moja dogo. Katika miji mingi ya Marekani, ambako sheria ya watu wenye ulemavu ilitungwa mwaka 1990, tangazo la kikao cha jiji huwa na mstari chini unaosema kwamba anayehitaji mkalimani au msaada mwingine apige namba fulani kabla ya siku fulani. Mstari huo hauhitaji bajeti, na unamwambia mtu kwamba alitarajiwa. Tungependa kuuona katika kila tangazo, la Jiji mpaka la mudugudu.

Wako watakaosema kwamba kuomba ni kumbebesha mwenye shida mzigo mwingine. Ni kweli, na ndiyo maana tunasema familia nzima iombe, na jirani aombe. Tusingoje mpaka uwanja wote utengenezwe ndipo tuwatoe watu wetu.

Na tusinyooshe kidole upande mmoja tu. Idi ijayo, je, khutba itafasiriwa kwa lugha ya alama? Je, wenye viti vya magurudumu watakuwa na nafasi ndani ya safu, au watawekwa pembeni penye viatu? Kamati za misikiti zijibu hili kabla hatujaenda kugonga mlango wa sekta.

Tuanze na kikao cha Umuganda ujao. Kila nyumba yenye ndugu wa namna hii imuulize wiki hii: ungependa kwenda, na unahitaji nini? Kisha barua iandikwe.

Allah atuwafikishe sote. Wabillahi tawfiq.