Daftari la Wiki: Mwanza kutoka juu ya mawe

Jumatatu, Capri Point

Saa kumi na moja jioni nilipanda Capri Point kwa miguu. Nilipita nyumba za mwisho, nikashika kinjia kinachopenya katikati ya mawe, na kabla pumzi haijakatika nilikuwa juu. Mji wote ulikuwa chini yangu: mabati ya milimani yakimeta, hospitali ya Bugando juu ya kilima chake, boti zikirudi, na maji ya Nyanza, Ziwa Victoria, yakienda mpaka jicho linapochoka.

Nilikaa mpaka usiku ukaingia. Wiki hii ni ya giza, na wavuvi wa dagaa hawahesabu siku kwa kalenda ya ukutani. Wanahesabu giza na mbalamwezi. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawavutwi na taa, basi mitumbwi hupumzika na nyavu hushonwa. Mwezi ukipotea, taa hutoka. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa. Leo nyingi ni za betri na umeme wa jua. Ukiwa chini ufukweni unaziona taa tatu nne tu. Ukiwa juu ya jiwe unaona ziwa limejaa taa, kana kwamba ng'ambo ile kuna mji mwingine ambao asubuhi haupo. Dagaa tunaowanunua sokoni Mwaloni, Kirumba, wameanzia kwenye taa hizo. Mtoto wa Mwanza ambaye hajaziona kutoka juu hajaonyeshwa nusu ya kwao.

Jumanne, swali la kijana

Kijana mmoja niliyemkuta mlimani akijisomea aliniuliza, "Mzee, haya mawe nani aliyapanga?" Swali zuri, na linastahili jibu zuri.

Hakuna aliyeyapanga. Mawe ya Mwanza ni matale, yaliyopoa polepole chini sana ya ardhi zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita. Mwamba ulipopoa na baadaye kufunuliwa, ulipasuka kwa mistari, mingine wima, mingine ya kulala, kama mkate uliokatwa vipande lakini haujaachanishwa. Maji ya mvua yakapenya kwenye nyufa, yakawa yanaozesha mwamba taratibu. Pembe huliwa kwanza kwa sababu maji huzishambulia kutoka pande zote, na ndani hubaki moyo mgumu wa mviringo. Udongo uliooza ukachukuliwa na mvua, mioyo ikabaki imekaa mmoja juu ya mwingine. Jiwe la Bismarck, lile la karibu na kivuko cha Kamanga ambalo kila mgeni hupigia picha, lilisimama hivyo hivyo. Halikuinuliwa likawekwa pale. Kilichokuwa kimelizunguka ndicho kilichoondoka.

Nikamwongezea jambo moja lililomshangaza zaidi. Ziwa tunaloliona kuwa la kale lina umri wa miaka kama 400,000 tu, na wanasayansi waliochunguza tope la chini yake wamekuta kwamba miaka ipatayo 15,000 iliyopita lilikauka, kisha likajaa tena. Kwa mawe haya, ziwa ni mgeni wa juzi.

Jumatano, kwenye kokoto

Upande wa mashariki wa mji nilisimama kwa mama mmoja anayegonga kokoto. Nilimwamkia, "Shikamoo mama," akaitika, "Marahaba baba, karibu jua hili." Alikuwa amekaa juu ya gunia chini ya kipande cha turubai. Mkono wa kushoto ulishika kipete kilichokatwa kwenye tairi, ndani yake kimewekwa kipande cha jiwe kisiruke usoni. Mkono wa kulia ulishika nyundo ambayo mpini wake umelainika kwa jasho. Anagonga mara mbili, jiwe linafunguka, anasukuma vipande pembeni kwa kiganja bila kutazama, anachukua kingine. Mbele yake ndoo, ambayo ndiyo kipimo cha biashara. Nyuma yake, vijana walikuwa wamewasha moto chini ya jiwe kubwa kama chumba. Joto hulifanya jiwe litanuke upande mmoja, nalo hubanduka mabamba kama ganda la kitunguu, kisha nyundo kubwa humalizia.

"Nyundo hii imesomesha watatu," aliniambia. Sina neno la kumlaumu, wala sitalitafuta. Zege la nyumba ninayolala lina kokoto za mikono kama yake. Lakini nilipoinua macho niliona kilele ambacho miaka michache nyuma kilikuwa na mawe matatu yaliyobebana, sasa limebaki moja, na moto uko chini yake.

Kosa si la mama mwenye nyundo. Kosa ni kwamba hatujamwonyesha mahali pa kuchimba, tukasema: hapa vunjeni, pale juu acheni.

Alhamisi, Isamilo na majina

Kilima cha Isamilo hutajwa kuwa mahali Mwingereza John Hanning Speke aliposimama tarehe 3 Agosti 1858, akaliona ziwa likiwa wazi mbele yake, akalipa jina la malkia wake, Victoria. Ghuba iliyo kaskazini mashariki ya mji ina jina la Speke mwenyewe hadi leo.

Kila ninapopita pale namkumbuka mtu wa pili. Speke hakufika peke yake. Alikuwa na Sidi Mubarak Bombay, mzaliwa wa Wayao aliyetekwa utotoni, akauzwa, akaishi India, akarudi Afrika akiwa na lugha ambayo Speke aliielewa, Kihindustani. Kwa kinywa cha Bombay ndipo Speke alipouliza njia. Na habari ya kwamba kaskazini kuna ziwa kubwa alikuwa ameipata kwa wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili kule Kazeh, Tabora ya leo, ambako mwenzake Burton alibaki akiumwa. Wasukuma na Wakerewe walikuwa wakivua, wakivuka na kuzika wazee wao kando ya maji haya vizazi na vizazi, nao waliyaita Nyanza.

Sidai jina libadilishwe. Nadai watoto wanaopandishwa Isamilo kwenye ziara za shule waambiwe majina yote: la malkia, la Bombay, na Nyanza.

Ijumaa, mawingu

Wazee wa mwaloni husoma anga kabla ya kusukuma mtumbwi, na mlimani somo hilo linaonekana vizuri zaidi. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji. Upepo hutoka milimani kuelekea ziwani, hukutana juu ya maji yenye joto na kuinua mawingu ya radi. Ndiyo sababu dhoruba nyingi za ziwani hupiga usiku na alfajiri, wakati wavuvi wa dagaa wako katikati ya maji.

Kutoka juu unaona pia njia ya meli za Bukoba. Asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikiwa karibu kuingia Mwanza, ikaondoka na mamia ya watu. Wengi wamezikwa Igoma, nje kidogo ya mji. Wako watu wazima ambao hadi leo wakipanda kilima hutazama upande ule kwanza, kimya, ndipo waseme habari nyingine.

Jumamosi, Saanane

Boti kutoka mjini hadi kisiwa cha Saanane ni ya dakika chache. Palianzishwa bustani ya wanyama mwaka 1964, na tangu 2013 ni Hifadhi ya Taifa, ndogo kuliko nyingi lakini iko ndani ya jiji. Jina ni la mzee Saanane, mkulima na mvuvi aliyeishi hapo zamani.

Nilipanda mpaka kwenye jiwe la juu. Pimbi walikuwa wanaota jua, na kwenye uso wa mwamba ilikuwapo michirizi myeupe ya mkojo wao wa miaka mingi. Mjusi dume mwenye kichwa chekundu na kiwiliwili cha buluu alikuwa akipiga pushapu mbele ya jike. Kundi la wanafunzi lilifika, likapiga kelele dakika moja, kisha likanyamaza lenyewe lilipoona mji wao uko kule, mzima, umeegemea mawe. Binti mmoja alinyoosha kidole: "Kwetu ni pale!" Mwenzake akamjibu, "Na kwetu ni pale juu, kwenye lile jiwe." Mwalimu wao hakuwa na haja ya kuongeza somo.

Jumapili, njia iliyofungwa

Nilitaka kumalizia wiki kwenye kilima nilichokuwa nikipanda tangu nilipohamia mji huu. Kinjia hakipo. Umejengwa ukuta, na geti limefungwa kwa mnyororo. Mwenye nyumba ana haki ya nyumba yake, lakini kilele hakikuwa chake, na njia ilikuwa yetu sote.

Wanaoishi milimani wanajua mlima kwa gharama. Dumu la lita 20 linapanda begani, bodaboda inaishia katikati, na mvua kubwa ikinyesha hawalali kwa kuogopa jiwe la juu. Haifai watu hawa ndio wanyimwe hata mahali pa kukaa jioni na kutazama maji bure.

Ombi langu kwa halmashauri na madiwani wetu ni fupi. Kila kata yenye kilima itenge kilele kimoja, kipimwe, kiandikwe kuwa mali ya umma, na njia yake isizibwe. Wagonga kokoto waonyeshwe maeneo yao, mbali na vilele na mbali na mawe yanayoning'inia juu ya nyumba. Na wewe msomaji, kabla wiki haijaisha, mchukue mtoto mmoja umpandishe kilima cha karibu nawe, umwonyeshe kwao kutoka juu.

Ziwa hili liliwahi kukauka, likarudi. Jiwe likishapasuliwa halirudi.