Mkono Ndani ya Rundo la Nafaka

Imepokewa katika Sahih Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alipita penye rundo la nafaka, akatia mkono ndani, vidole vyake vikakuta unyevu. Mwenye mali akajitetea kuwa ni mvua. Akahojiwa mbona hakuiweka juu ile iliyolowa, watu wakaiona. Hadithi haimtaji mnunuzi yeyote aliyekuja kulalamika. Mkono ulitangulia.

Hilo hunijia kila yanapotajwa masoko ya hisa. (Hisa zipi ni halali na zipi si halali ni mlango mwingine, leo nazungumzia amana.) Mwaka 2006 hisa za KenGen zilipouzwa nchini Kenya kwa shilingi 11.90, wananchi wengi wa kawaida waliingia katika soko hilo kwa mara ya kwanza. Fedha walimkabidhi dalali. Hisa nazo, tangu 2004, zilikuwa zikihama kutoka vyeti vya karatasi hadi akaunti za kielektroniki zilizofunguliwa kupitia dalali huyo huyo. Mama aliyezoea kufungia cheti sandukuni hakubakiwa na cha kushika. Mwaka 2007 ikaanguka Francis Thuo and Partners. Machi 2008 Nyaga Stockbrokers ikawekwa chini ya msimamizi. Zote mbili zilikuwa na leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, chombo kilichoundwa kwa sheria ya 1989.

Wapo wasemao kuwa mnunuzi ajilinde mwenyewe. Siafikiani nao. Atajilindaje na daftari za hesabu asizoruhusiwa kuzifungua? Serikali ndiyo yenye uwezo huo, na leseni yake ndiyo iliyomtuliza mjane moyo. Al-Mawardi, katika Al-Ahkam as-Sultaniyya, alimtofautisha kadhi na muhtasib: kadhi husubiri mdai, ilhali muhtasib huanza mwenyewe bila kuitwa. Msimamizi wa soko la hisa anayengoja barua za malalamiko amejigeuza kadhi, na nafaka imekwisha kuoza. Mfuko wa fidia nao ulikuwa na kikomo cha shilingi 50,000 kwa mwekezaji. Aliyeweka laki tatu za karo ya wanawe angerejeshewa fungu moja kati ya sita.

Nanyi wazazi wenye hisa, ombeni taarifa ya akaunti moja kwa moja kutoka hifadhi kuu ya hisa, wala msitosheke na karatasi ya dalali.